Ziwa la Kusimuliwa

Mama mshonaji aliijua mbuga kwa masikio tu. Mumewe alikuwa dereva wa watalii, na katika ujana wao wote aliondoka alfajiri na wageni, akarudi baada ya siku kadhaa akiwa na vumbi kwenye nyusi na hadithi kinywani. Wenzake walimpachika jina la Darubini, kwa kuwa aliweza kuuona mkia wa chui ukining'inia mtini wakati wao bado wanautafuta mti wenyewe. Jina likamganda. Hata watoto wake, akiwakaripia, walimwita hivyo chinichini.

Akifika nyumbani alioga kwanza, akavuta kigoda mpaka karibu na cherehani, akaanza. Mkewe alikuwa akishona sare za shule, na miguu yake haikuacha kukanyaga pedali, ila masikio yote yalikuwa kwa mumewe.

"Ngiri bwana," Darubini alisema, "akikimbia anasimamisha mkia kama antena ya redio. Nadhani anatafuta stesheni."

Hadithi ya heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi wanaojaa kwenye maziwa ya magadi, hakuweza kuisimulia akiwa amekaa. Alisimama, akakunja suruali mpaka magotini, akapinda shingo hadi utosi ukaelekea sakafuni, akazunguka chumba kizima akichota matope yasiyokuwepo.

"Yaani anakula kichwa chini miguu juu?" mkewe aliuliza.

"Kichwa tu, mama watoto. Miguu bado anaihitaji."

Watoto waliangua vicheko, wakigaragara juu ya vipande vya vitambaa, na mama akalazimika kusimamisha cherehani asije akajishona kidole.

"Siku moja nitakupeleka ukawaone mwenyewe," Darubini alikuwa akimaliza. Alisema kweli, hakuwa mtu wa ahadi za uongo. Lakini gari la kampuni halikuruhusiwa kubeba familia, na wageni walifurika majira yaleyale ya kufungua shule, wakati sare zilimlundikania mama mpaka juu ya kitanda. Mwaka ukaja, mwaka ukaenda. Watoto wakakua, mmoja mmoja akahamia kwake. Kisha Darubini naye akaacha kazi, akisema goti limegoma kukanyaga klachi.

Nyumba ikapoa. Kigoda kilikuwepo na cherehani ilikuwepo, ila hadithi zilikatika, maana mtu asiyetoka atasimulia nini? Darubini alishinda barazani akisikiliza redio. Magazeti aliyaacha; alisema siku hizi yanaandika uongo mtupu. Na mama, akipinda mapindo ya sketi jioni peke yake chumbani, alikuwa akitabasamu bila kujua, akimwona yule kijana mwenye suruali iliyokunjwa akizunguka chumba na kichwa chake kimepinduka.

Binti yao mkubwa ndiye aliyekata shauri. Alikodi gari na dereva wake, kisha akapiga simu.

"Mama, usiniambie una kazi. Sare zitakungoja. Heroe hawamngoji mtu."

Asubuhi ya safari, Darubini alivaa kofia yake ya kazi iliyopauka, viatu akavipiga rangi mara mbili. Dereva alipofika, kumbe ni mwanafunzi wake wa zamani, yule waliyemwita Mfupi kwa sababu kichwa chake kiligusa paa la gari. Sasa alikuwa na mvi na kitambi.

"Shikamoo mzee! Shikamoo mama!"

"Marahaba. Kitambi hicho umekipata mbuga gani?"

"Mzee, hiki ni cha nyumbani. Mbugani napunguza."

Njia nzima Darubini aliongoza gari kwa mdomo. Punguza hapa, kuna korongo. Badilisha gia. Usifuate magari mengine, mnyama hapendi msafara. Mfupi aliitikia "ndiyo mzee" kama zamani, na mama, aliyekaa kiti cha nyuma na mumewe, alifurahi kuisikia tena sauti ile. Ilikuwa sauti ya jioni zao. Paa la gari lilikuwa limefunguliwa, upepo ukiingia na harufu ya majani makavu.

Walipovuka lango na kwenda mwendo kidogo, Darubini alinyoosha mkono ghafla.

"Simama! Kifaru yule! Kulia, chini ya kilima. Si niliwaambia?"

Mfupi alisimamisha gari. Mama aliangalia, akaangalia tena. Alichokiona kilikuwa kichuguu, tena kikubwa, kimeota nyasi juu. Macho yake yalikutana na ya Mfupi kwenye kioo, na Mfupi haraka akageuza yake.

"Mkubwa kweli," mama alisema polepole.

"Ametulia. Mwache, tusimsumbue," alisema Darubini, akiegemea kiti kwa fahari.

Wakaendelea. Baada ya muda gari likasimama tena. Twiga watatu walikuwa wakivuka barabara, karibu kiasi kwamba mama aliona kope zao. Alishika mdomo. Ndimi zao nyeusi, magoti yao yenye mafundo, na yule mdogo wa nyuma akitembea kama mtu aliyevaa viatu vya kaka yake! Alimgeukia mumewe waifurahie pamoja.

Darubini alikuwa ameelekeza uso mbele, kwa twiga wenyewe.

"Mbona tumesimama?" aliuliza. "Pancha?"

Mama aliwatazama twiga, akamtazama mumewe. Hapo ndipo mambo yakaanza kujipanga yenyewe kichwani mwake: chai iliyomwagika pembeni ya kikombe, mkono unaopapasa ukuta wa ukumbi hata mchana, magazeti yaliyogeuka kuwa ya uongo. Goti! Goti lililomfanya aache kazi halikuwahi kumlalamikia hata siku moja alipopanda ngazi za kanisani wala za sokoni. Naye, mshonaji anayeona uzi uliopotoka kwenye shati la mpita njia, hakuona lililokuwa chini ya paa lake.

"Twiga wanapita," alisema.

"Aa, hao nimewaona," alisema Darubini.

Mfupi akatia gia.

Ziwani Darubini alitaka wapelekwe pale pake pa zamani, penye mgunga ulioinama. Mfupi alikohoa. "Pale pamefunikwa, mzee. Ziwa limepanda. Barabara yetu ile yote iko majini, na miti imekufa imesimama." Darubini alivua kofia, kama mtu aliyepewa habari za msiba wa mbali. Ikabidi wapande kwenye kilima kidogo upande wa pili, Mfupi akazima injini.

Sauti ikawafikia kwanza, mnong'ono mzito usiokatika, kama ukumbi wa arusi kabla maharusi hawajaingia. Kisha ikaja harufu ya magadi. Darubini alisimama, akatoa kichwa na mabega juu ya paa, akavuta pumzi. Mama akasimama kando yake.

"Wapo," alisema Darubini. "Wapo wengi?"

Mfupi alifungua mlango, akasema anaenda kuangalia tairi, akaenda mbali zaidi kuliko tairi yoyote.

"Unaona nini, baba watoto?"

"Naona... uwaridi."

"Uwaridi huo uko wapi?"

Darubini alikaza mikono kwenye ukingo wa paa. Ndege waliendelea kunong'ona.

"Ukungu tu," alisema hatimaye. "Mweupe pote. Ulianza msimu wangu wa mwisho. Siku moja nusura nimgonge pundamilia, na nina wageni sita ndani. Nikarudisha funguo."

"Ukasema goti."

"Darubini aseme macho? Wangecheka mpaka leo."

"Na mimi je? Mimi ningecheka?"

"Wewe ungelia. Hilo lilinishinda zaidi."

Mama alitaka kulia kweli, na alitaka kumchapa kwa kofia yake. Badala yake alijifuta mikono kwenye gauni kama anavyofanya kabla ya kukata kitambaa cha watu, akaangalia ziwa.

"Haya, sikiliza," alisema. "Mimi sijui kusimulia kama wewe. Maji ni ya kijivu, kama kitambaa cha suti. Ukingoni mwote mwote, mpaka jicho linapochoka, kuna pindo la waridi. Pindo pana. Aliyelishona hakubania kitambaa."

"Endelea."

"Halilingani rangi. Karibu nasi limekolea, mbele limepauka kama lililofuliwa sana. Wengine wana manyoya ya kijivu..."

"Hao makinda. Rangi bado."

"Wote wameinamisha vichwa. Ee, baba watoto, ni kweli wamepindua vichwa! Shingo imefanya hivi, kama sindano yenye ndoano. Nilidhani ulikuwa unatuchekesha."

Darubini alicheka. "Na miguu?"

"Myembamba. Uzi namba arobaini." Akakaza macho. "Kuna mbwa anakuja pale ufukweni. Mdogo, mkia kama brashi."

"Si mbwa, huyo bweha! Anatembea upande upande?"

"Upande upande, kama mtu anayedaiwa."

"Anatafuta aliyelegea. Sasa usipepese macho. Mwangalie yeye, halafu waangalie wao. Ngoja... ngoja..."

Bweha aliingia majini mbio. Pindo lote likanyanyuka. Mama alipiga ukelele. Mbawa zilipofunguka, ndani yake kulikuwa na rangi ambayo hakuna aliyemtayarisha nayo, hata Darubini: nyekundu kama bitana ya koti la kifalme, na ukingo mweusi. Alijitahidi kumwambia yote kwa pamoja, bitana, weusi, jinsi shingo zilivyonyooka mbele na miguu nyuma, jinsi wote walivyokunja kona kwa pamoja na kugeuka weupe, kisha wekundu tena. Maneno yalimwishia. Akaushika mkono wa mumewe na kuupitisha hewani, akifuata njia ya ndege, mpaka walipotua upande wa pili.

Darubini alikuwa ameinua uso. Alibaki hivyo, mkono wake bado umenyooka.

"Amepata?" aliuliza.

"Nani?"

"Bweha."

"Ametoka mtupu. Amelowa tu."

"Safi," alisema.

Walikaa kilimani mpaka jua likaanza kuchoma, mama akieleza na Darubini akisahihisha. Mama aliwaita nyati ng'ombe, akakemewa. Ndege waitwao mwari walimchekesha kwa midomo yao ya mikoba. Darubini akaanza naye kukumbuka, akimweleza mgunga ulioinama ulivyokuwa, kivuli chake kilifika wapi, na kwamba kila alipoegesha pale aliacha nafasi kiti cha mbele, akimwazia yeye. Hilo hakuwahi kulisimulia. Mfupi aliporudi aliwakuta wanabishana kuhusu rangi ya mguu wa heroe kama watu waliooana juzi.

Wiki iliyofuata mama alimtia mumewe njiani kwenda hospitali, hakutaka kusikia habari za goti. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, aliyekomaa kwa kufichwa. Jicho moja lingepona kwa upasuaji. La pili alisema wasiliwekee matumaini.

Walipomfungua bendeji, Darubini aliangalia dirisha, akaangalia mikono yake, ndipo akamgeukia mkewe. Alimkagua bila haraka, toka kilemba hadi kidevu.

"Mama watoto," alisema, "mbona hukuniambia umezeeka?"

"Ungeniuliza," alijibu mama, akamsogezea viatu. "Twende, kuna basi la saa sita."