Yago la Gordon

Kitendawili kimoja hujibiwa kwa kinywa, kingine kwa damu. Cha Seline kilijibiwa kwa vyote viwili, pale Kisian, mwaka wa sabini na mbili, jua likiwa utosini.

Shemeji yake Oketch aliingia bomani na jembe begani. Kwapani alibana yago, lile tunda refu zito linalozikwa badala ya mtu aliyepotea, limeviringishwa shuka jeupe kama maiti.

"Nyar Alego," akamwita Seline kwa jina la kwao alikozaliwa, "toka hapo. Leo tunamzika Gordon."

Gordon, mwana wa pekee wa Seline, alikuwa masomoni Ujerumani. Miezi kumi na moja hakuwa ameandika. Na mtu akishazikwa, hata kama yu hai, hakanyagi tena boma la babake. Seline alilijua hilo, akashika panga.

"Zika tumbo lako, Oketch! Mtoto wangu anapumua."

"Anapumua wapi? Nimezika watoto wawili tangu Krismasi! Roho yake haina pa kulala, inatumaliza!"

Akaanza kuchimba. Seline akamrukia. Oketch akageuza mpini wa jembe, ukampata mdomoni, jino likaruka. Naye Seline akamkata bega kwa panga, damu ikachuruzika juu ya shuka. Wakashikana, wakabiringika mpaka ndani ya shimo, vidole vya Oketch kooni mwa mama wa watu, macho yakamtoka.

"Acheni!" Mwalimu Walter alitupa baiskeli langoni. "Barua! Imetoka Ujerumani!"

Oketch akamwachilia Seline, akainyakua.

"Gordon huandika kama analima matuta. Mwandiko huu umelala. Si nilisema? Wazungu wanatuarifu amekufa."

"Isome, Mwalimu," Seline akakoroma.

Walter akaichukua, akaifungua, akatafsiri Kizungu polepole:

"Mama, uliniuliza: nikimlisha anaishi, nikimnywesha anakufa. Nilipokuwa na miaka sita nilijibu, 'Ni Baba Oketch, anakula hashibi na maji ya kuoga anayakimbia.' Akanizaba kofi. Sasa jibu ninalo. Ni moto. Ulilipuka kiwandani nilikokuwa kibarua, ukanila mikono yote miwili. Anayeniandikia ni Chun, Mkorea, mwanafunzi tunayekaa naye chumba kimoja. Kila Jumapili yeye humwandikia mamake kwamba ameshiba, hata akilala njaa. Alitaka nami niseme hivyo. Sikuweza kukudanganya, ndiyo maana nikanyamaza."

Oketch alitazama kiganja chake, kile kile cha lile kofi, kimelowa damu ya Seline.

"Ati maji nayakimbia," akanong'ona. "Ni yeye. Ni yule mtundu mwenyewe." Akaangua kilio.

Seline akaokota panga, akalikatakata yago mpaka shuka likawa matambara. Kisha akaketi ukingoni mwa shimo, akatema damu.

"Mwalimu, shika kalamu. Mwambie arudi na mikono hiyo hiyo kama ilivyobaki. Na huyo Chun, mwambie mama hashibi uongo. Amwandikie wake ukweli."

"Na kitendawili? Humtumii kingine?"

Seline akapapasa ufizi kwa ulimi.

"Walinzi wangu weupe wamepanga mstari mlangoni. Jana walikuwa kamili, leo mmoja ametoroka."

"Jino," Oketch akajibu kutoka shimoni, kamasi zikimtoka.

"Wewe nyamaza. Hukuulizwa."