Utepe Ulionuka Siki

Wa kwanza kuisikia harufu hakuwa fundi mwenyewe, alikuwa dada wa mapokezi. Alichungulia mlangoni, kalamu kaichomeka kwenye nywele, akakunja pua.

"Fundi, umemwaga siki humo?"

"Siki ya nini? Humu ni meno tu."

"Basi kuna meno yamechacha."

Akacheka peke yake, akarudi kwenye meza yake. Fundi wa meno bandia akabaki na jino la nta kwenye kikoleo, mkono umeganda hewani. Akavuta pumzi kwa pua, polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba asichotaka kuingia. Ilikuwa siki kweli. Haikuwa kali, lakini ilitoka kwenye tanuri dogo lililokuwa kando ya dirisha.

Ilikuwa saa nne na robo asubuhi. Tanuri lilikuwa limewashwa tangu saa moja, nyuzi hamsini na nne, si zaidi. Siku nyingine hukausha humo plasta za vinywa vya wagonjwa. Jumamosi hiyo kulikuwa na utepe mmoja wa sauti, umezungushwa kwenye rili ya bati, ambao nakala yake haikuwepo popote duniani.

Fundi huyu alikuwa amekusanya rege ya zamani kwa miaka ishirini na miwili: santuri za miaka ile ya mwanzo na tepe za studio zilizokwisha kufungwa. Alizisafisha, akazinakili kwenye kompyuta, akazigawa bure kwa wenzake wapatao arobaini waliokutana kwenye kundi la simu. Humo alijulikana kwa jina la Meno. Walikuwa na msemo wao: kilicho kwako peke yako, nusu yake imeshapotea.

Lakini utepe huu hakuuokota sokoni. Ulikuwa wa mama mkwe wake. Marehemu mumewe alikuwa mpishi wa meli na mpiga tromboni. Meli yao iliharibika ikakaa Jamaika wiki tano. Akaingizwa studio, akapiga, akapewa utepe kama shukrani. Utepe ulifika nyumbani kwa mkono wa baharia mwenzake. Yeye mwenyewe hakufika. Homa ilimmaliza njiani, mkewe akiwa na mimba ya miezi sita. Mimba ile ndiyo mke wa fundi. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na hajawahi kuisikia sauti ya baba yake.

Mama mkwe aliutunza ndani ya kopo la biskuti bila mashine ya kuuchezea. "Watu wa redio walinifuata mara mbili," alisema alipomkabidhi mkwewe. "Nikawaambia wangoje nife. Wewe nakupa kwa sababu macho yameniaga, na masikio nayo yameanza kufungasha."

Mkewe alisema moja tu: "Kabati zima umelijaza sauti za baba za watu. Ya baba yangu ni hiyo tu."

Jaribio la kwanza lilikuwa la mita chache. Utepe ulilia kama bawaba kavu na kuacha tope la kahawia kwenye mashine. Hilo alilijua. Tepe za miaka ile gundi yake hutoka jasho kwa uzee. Ukiziweka kwenye joto dogo kwa saa nane hukauka, zikakubali kucheza mara moja au mbili. Ila kuna tepe za zamani zaidi, za asetati, ambazo joto huziua. Namna ya kuzitofautisha ni rahisi: unashika rili kwenye mwanga. Utepe unaopitisha mwanga hauendi motoni, na asetati inayooza hunuka siki.

Alikuwa ameushika kwenye mwanga. Ulikuwa mweusi. Lakini rili ile ya bati ilikuwa na matundu matatu membamba, na yeye alitazama ukingo wa nje tu, kwa sababu moyoni alishaamua, na kwa sababu usiku uliotangulia alikuwa ameandika kwenye kundi: *Kesho saa kumi jioni, kaeni vizuri.*

Akafunga mlango wa karakana, akampigia Mzee Sindano, fundi mitambo mstaafu wa redio na mkubwa wa kundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Meno. Mbona sauti imekauka?"

"Utepe unanuka siki."

Mzee Sindano hakuwa mtu wa kukurupuka.

"Uliushika kwenye mwanga?"

"Niliushika."

"Wote?"

Fundi akageuka kulitazama tanuri.

"Siku zile tepe zilikuwa adimu," mzee aliendelea. "Waliunga mabaki. Nje utepe mpya, ndani utepe wa zamani. Nimekutana nazo mara mbili. Tazama tundu karibu na kitovu."

Fundi akapiga magoti, akatazama kupitia kioo cha tanuri, kutoka chini kwenda juu, mahali palipokuwa na balbu ndogo. Ukingo wa nje ulikuwa mweusi kama lami. Lakini karibu na kitovu mwanga ulipita, rangi ya chai isiyo na maziwa.

"Mzee," alisema. "Unapita."

"Zima. Lakini usifungue mlango! Ukiupiga baridi ghafla utajikunja kama jani kavu. Upoe humo humo, mpaka ukigusa bati usijue kama liliwahi kuwaka."

"Utakuwa umekufa?"

"Mimi si daktari wa kutangaza. Upoe kwanza."

Akazima. Hapo ndipo hofu ilipopata nafasi ya kukaa, maana kazi ya mikono iliisha ikabaki ya kungoja. Alirudi kwenye jino lake la nta, akalipinda, akalirudishia, akalipinda tena. Kila dakika tano aliinuka kunusa. Harufu ilikuwa pale pale. Alijaribu kukumbuka waliunga wapi, utepe wa ndani ni mrefu kiasi gani, na kitu gani mtu huweka mwishoni mwa utepe anaompelekea mkewe. Jibu hilo la mwisho alilijua.

Simu ikalia. Mkewe.

"Mama keshafika. Kajipaka wanja, utadhani baba ndiye anayekuja kumposa. Mbona unahema?"

"Nimepanda ngazi."

"Ngazi gani hapo kwenu?"

Kliniki ilikuwa ya ghorofa moja, ile ya chini.

"Nitachelewa kidogo," alisema, akakata kabla ulimi haujamponyoka.

Akakaa akiutazama uongo uliokuwa mbele yake, mrahisi, safi, umekwisha kupigwa pasi. Angesema utepe ulikuwa mbovu tangu zamani. Miaka arobaini na saba ndani ya kopo, nani angebisha? Mzee Sindano asingemwaga siri. Wangesikitika wote pamoja, hata yeye angepewa pole. Aliugeuza uongo huo huku na huku kwa muda mrefu, kama anavyogeuza jino kabla ya kulikubali. Kilichomtisha zaidi ni jinsi ulivyomkaa vizuri.

Saa nane na nusu bati lilikuwa baridi. Akafungua. Nusu ya nje ilikuwa imara, kavu, nzuri kabisa. Ya ndani ilikuwa imesinyaa ikaachana na kitovu, kingo zake zinapanda na kushuka kama pindo la gauni. Akaulaza ndani ya sanduku, akaenda nyumbani kwa miguu, sanduku kifuani, akiogopa kila baiskeli.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha karibu na mashine. Mkewe alikuwa amezima hata feni isije ikaingilia. Fundi hakukaa.

"Mama, nimekosa," alisema. Akaeleza yote: mwanga, tundu, onyo la kutofungua mlango wa tanuri kabla halijapoa, haraka yake, ahadi yake kwenye kundi. Alieleza kwa mpangilio kwa sababu hakujua namna nyingine, na mpangilio ule ukalifanya kosa lionekane wazi zaidi.

Mkewe aliingia jikoni, maji yakasikika yakifunguliwa na kufungwa, akarudi mikono mitupu.

"Umeusikiliza?" mama mkwe aliuliza.

"Bado, mama."

"Sasa kufa kwake umekujuaje? Washa."

Akawasha, na kompyuta ikaanza kunakili. Ngoma ikaingia, kisha besi nzito, ya pole, kama mtu mnene anayetembea bila haraka. Gitaa likajibu kwa mkato. Kisha ikasikika pumzi ikivutwa puani, kwa nguvu, na tromboni ikafuata.

"Ndiye," mama mkwe alisema. "Kila mara alivuta hivyo. Nilikuwa namwambia utameza nzi."

Mkewe alishika mkono wa kiti. Fundi hakuitazama sura yake. Alikuwa akitazama rili ikipungua. Kiungo kikapita kwenye mashine na kishindo kidogo. Muziki ukayumba, ukazama, ukaibuka. Halafu *tap*. Utepe ulikuwa umekatika.

Mkewe aliruka. Fundi naye pia. Lakini asetati ina wema mmoja: haivutiki kabla ya kukatika. Hukatika kama tambi kavu, ncha mbili safi, na ncha safi huungika. Akaunga. Ukakatika tena, akaunga tena, mara sita kwa jumla, vidole vikinuka siki. Kisha muziki ukaisha na mwanamume akasema, sauti ikipanda na kushuka kama anayeongea juu ya mkokoteni:

"Subirini, jamani, nimeze mate." Watu wakacheka nyuma yake. "Mama, hawa hawaelewi ninachosema, kwa hiyo leo nakutukana kwa raha zangu. Tumbo likoje? Akiwa wa kiume usimpe jina langu, mmoja anatosha. Akiwa wa kike—"

Ikafuata kelele ya karatasi inayokunjwa. Rili ikakwama. Fundi akachukua brashi laini ya kung'arishia meno, akaubana utepe kwenye mashine, akazungusha kwa mkono. Kelele ile ile. Akarudia mara tatu.

"Kimebaki kiasi gani?" mkewe aliuliza.

Akapima kwa rula. "Sekunde nne." Kisha akajilazimisha kumalizia. "Sekunde nne za baba yako. Nimezipika mimi."

Mama mkwe alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, hajali sekunde. Mkewe alikikusanya kile kipande kilichojikunja, akakitia kwenye bahasha, akaandika juu yake *Usiguse*. Jina la aliyeandikiwa halikutajwa, wala halikuhitaji kutajwa.

Simu ilikuwa ikitetemeka mezani. Saa kumi ilikwisha pita.

"Wape tromboni," mkewe alisema. "Maneno yanabaki hapa. Na uanze kwa kuwaeleza ulichofanya."

Akaandika. Alifuta mara mbili neno *bahati mbaya*, akaweka *sikuangalia*. Akaeleza tundu la ndani, kiungo, siki. Akatuma, akaisukuma simu mbali kama sahani ya moto.

Jibu la kwanza lilitoka kwa mtu asiyemjua, wa mji wa mbali, ambaye miaka yote hakuwahi kuandika chochote:

*Ninao wangu kwenye tanuri tangu asubuhi. Sikuangalia ndani. Kuna harufu. Ngojeni.*

Fundi akausoma ujumbe kwa sauti, na moyo ukaanza kumwenda mbio upya, kana kwamba tanuri lile nalo lilikuwa lake. Wote watatu wakainamia simu.

"Mwambie," mama mkwe alisema, "asifungue mlango."