Mteja Mpya

Jumamosi asubuhi Novatus alifuta vumbi kwenye viatu vyake vya kanisani, akaingia katika duka la saa la Ngara mjini. Mkewe Tecla alikuwa amelala nyumbani Nyamiaga, tumbo limemvimba, siku ya nne hali chakula. Ndani ya kabati la kioo kulikuwa na ile saa ya dhahabu ambayo mwenye kuivaa hafi. Jambo hilo lilijulikana. Mzee mmoja wa Rulenge aliivaa miaka kumi na mitatu, akafa siku aliyoivua ili aoge.

"Shikamoo, baba," alisema Felisita, muuzaji.

"Marahaba. Naomba ile."

"Ile hatumuuzii mteja mpya, baba. Jenga kwanza historia ya manunuzi. Nunua nyingine, tukujue."

Novatus hakushangaa. Hata Tecla hakumpata siku ya kwanza. Alimpelekea baba mkwe vibuyu vya rubisi mara tatu, na mzee alipokwisha kuinywa pombe hiyo hakuwa tena na uso wa kumnyima binti. Basi akanunua saa ya ukutani. Jumamosi iliyofuata akanunua mbili za mezani, kisha moja ya kike yenye mkanda wa waridi, ambayo hakuna mwanamke wa Nyamiaga ambaye angeivaa hata kwa viboko. Ng'ombe akaenda, mbuzi wakafuata. Tecla alilala katikati ya saa hizo akilalamika kwamba zinamnyima usingizi.

Jumamosi ya sita saa ya dhahabu iliuzwa. Aliichukua Fabiani, mfanyabiashara wa Biharamulo, mzima wa afya, ambaye tayari alikuwa na ya namna hiyo mkono wa kushoto.

"Historia yake ni ndefu," Felisita alieleza. "Nyingine inakuja."

"Lakini mali yangu mmeshapokea!"

"Tumepokea, baba. Tunashukuru sana."

Novatus alitoka nje akakaa kwenye benchi. Aliona aibu, kama mtu aliyeposa nyumba isiyo na binti.

Tecla alikufa Alhamisi, akazikwa Ijumaa kwenye shamba la migomba. Jumamosi marehemu akaja dukani kwa miguu, udongo mwekundu kwenye pindo la kitenge. Wateja wakasogea akapata pa kukaa, kando ya mumewe aliyefika mapema. Felisita alimpa pole ya safari.

"Ile ya dhahabu inamfaa aliyekwisha kufa?" Novatus aliuliza.

"Inamfaa. Inamrudisha kabisa. Ila marehemu ni mteja mpya, baba. Historia yako haihamii kwake."

Tecla alitazama kabati. "Ya bei ya chini ni ipi?"

Novatus alikuwa amebakiwa na lile shamba tu. Jumatatu mnunuzi alikuja, na Tecla ndiye aliyetangulia kumwonyesha mipaka. Walipofika kwenye kaburi lake alimwomba asipalime hapo mpaka yeye amalize kujenga historia yake dukani.

Mnunuzi alisema hawezi kuahidi, mvua zimekaribia.