Kung'oa Hakuhitaji Kibali

Mama yangu amefundisha darasa la kwanza tangu mimi sijazaliwa. Watoto hujifunza herufi kwa kumtazama mdomo, na anaupenda mdomo wake huo kuliko hata mimi mwanawe. Nacheka, lakini nina hasira bado, na nitasimulia nikiwa nazo hivyo hivyo.

Meno yake ya mbele yalishatoka zamani, akawekewa ya bandia yanayoshikwa kwa waya. Waya ule ulijishikiza kwenye jino moja la pembeni, na jino hilo ndilo lililooza. Daktari wa meno, mwanamke wa makamo asiye na papara, alibandika picha ya eksirei kwenye kioo chenye taa.

"Linaokoleka," akasema. "Nitasafisha mzizi, nizibe, nilivike kofia ya kulikinga. Likitoka, haya ya bandia hayatakuwa na pa kushika, na mwalimu hatatamka vizuri."

"Basi anza, daktari."

"Siwezi. Bima ya umma inataka kibali kwanza. Natuma picha na maelezo, wao ndio wanaoamua. Nikianza kabla, hawalipi."

"Na ukiling'oa?"

Akavua glavu zake bila kunitazama. "Kung'oa hakuhitaji kibali."

Hebu niambieni. Kubomoa ruksa, kutengeneza mpaka uombe! Mimi ni msusi. Mteja akija na nywele zinazokatika, nimwambie kuzitibu tusubiri wakubwa waamue, ila kunyoa kipara akae hapa nianze sasa hivi? Angenirushia kitana, na angekuwa na haki.

Tukasubiri. Mama akaendelea kufundisha huku shavu limevimba. Asubuhi namkuta kitandani ameshika taya kwa mikono miwili, nikiuliza ananiambia chai inapoa. Daktari aliandika kwamba maumivu ni makali, na ombi la namna hiyo hujibiwa upesi. Likaja jibu kweli: limekataliwa, mgonjwa hana maumivu makali.

Nikamshika mama mkono tukaenda ofisi ya bima, wamwone kwa macho yao. Ofisa alikuwa kijana nadhifu, mpole, akamvutia mama kiti. Upole wake ukanizidishia hasira, maana mtu wa hivyo huwezi hata kumgombeza ukafaidi.

"Tulimpigia mama simu kuhakikisha, ndio utaratibu," akasema. "Tulimuuliza maumivu yanaendeleaje. Alisema afadhali, anashukuru."

Nikageuka. "Mama! Ulisema afadhali?"

"Sasa mwanangu, mtu humjui, amekupigia kukujulia hali, ummwagie shida zako zote? Na yeye ana zake."

Jamani! Mama yangu hata akikata roho atasema hajambo. Ndivyo alivyolelewa, ndivyo alivyonilea, na ndivyo alivyolelewa yule kijana pia. Hapo ndipo paliponichoma. Alijua fika kwamba mtu hutanguliza njema, mabaya yakafuata baadaye ukimpa nafasi. Yeye aliandika ile njema, akakata simu.

"Kaka, mamako ukimjulia hali anajibuje?"

Akajifanya kupanga karatasi zake.

"Nijibu. Anajibuje?"

"Hajambo," akasema taratibu. "Hata alipovunjika mguu alisema hajambo."

"Na ulimwamini?"

"Hapana. Nilimkimbiza hospitali."

"Sasa huyu wangu ulimwaminia nini?"

Watu kwenye foleni wakaguna. Kijana akaivuta kompyuta, akasema atalifungua ombi upya, akamwinamia mama. "Mama, niambie mwenyewe. Maumivu yakoje?"

Mama akaminyaminya ncha ya mtandio wake. Nilidhani atasema afadhali tena, na nilikuwa tayari kupiga kelele. Akasema, "Mwanangu, nakufa." Akafunika uso kwa aibu, kana kwamba amevuliwa nguo mbele za watu.

Kijana aliandika. Kisha akasema, bila kututazama, kwamba yeye kazi yake ni kuandika tu. Waamuzi wako juu, na ombi linaanza foleni upya.

Wale wa juu hawakumwona mama jicho lilipoanza kufumba kwa uvimbe. Daktari alimgusa taya, akatikisa kichwa. Usaha ulikuwa unashuka shingoni. Kungoja zaidi kungemuua. Akaling'oa pale pale, na hakuna aliyeulizwa ruhusa.

"Na meno mengine ya bandia, ya kushika kwingine?" nikauliza.

"Yanahitaji kibali," akasema daktari, na yeye mwenyewe machozi yalikuwa yanamlenga.

Mama alipopata nafuu akarudi kazini. Siku ile ile nikiwa katikati ya kusuka kichwa cha mtu, simu ikalia: ombi la kuokoa jino limekubaliwa. Nikamwacha mteja na nywele nusu, nikaenda shuleni mbio. Sijui nilitaka kumwambia nani. Nilitaka tu kumpigia mtu kelele.

Nikasimama dirishani. Mama alikuwa ubaoni, amechora samaki mkubwa, na chini yake ameandika neno lake.

"Thamaki," akasema.

Watoto walimtazama mdomo, kama alivyowafundisha. "Thamaki!" wakaitikia wote kwa pamoja.

Akatikisa kichwa, akarudia polepole. Na wao wakarudia vile vile.