Vikonyo vya Mkangaga

Glenys aliposhuka garini, mikono bado ikinuka sabuni ya shuka za watu, aliona mikangaga yake miwili imenyolewa.

Ilikuwa mikangaga ya miaka mingi, yenye shina kama mti na majani kama manyoya ya ndege, mirefu kuliko mtu, na majani yake makavu yalikuwa yakining'inia shinani kama sketi kuukuu. Sasa vilibaki vichwa vya kijani juu ya mashina matupu. Chini palikuwa pamefagiwa. Darren, mwanawe, aliyekuja kutoka Melbourne kumsaidia wiki hiyo, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni na kikombe cha chai, uso umemng'aa.

"Umeonaje, Mama? Takataka zote nimekuondolea."

"Yale makavu yako wapi?"

"Pipani, barabarani. Lori la taka linapita leo. Mbona unanitolea macho? Kweli asante ya punda mateke!"

Glenys alitaka kukaa. Tangu baridi ianze alikuwa akitaka kukaa tu. Alfajiri alifua kwenye nyumba ya wazee. Akirudi, alimgeuza Merv kitandani, akamnywesha supu, akampigapiga mgongo mpaka kikohozi kipoe. Mapafu ya mumewe yalikuwa yamechakaa, na siku hizi daktari aliongea naye kwa upole mno, jambo ambalo Glenys hakulipenda hata kidogo. Lakini Merv alikuwa na hesabu yake mwenyewe. "Nikiwaona nyuki wa mkangaga wanatoka," alisema, "ujue baridi imenishindwa tena." Kila Glenys aliporudi kazini, Merv alimwuliza kama wametoka. Naye Glenys, hoi bin taabani, alivaa mabuti akaenda kuchungulia. Alikwisha kuona inzi wa maua, na kipepeo mmoja mweupe aliyekosea siku. Nyuki, bado.

"Darren," akasema, "nyuki wa baba yako wamelala ndani ya vile vikonyo vya majani makavu."

"Nyuki gani? Sikuona mzinga mimi."

"Hawana mzinga. Ni wadogo kama punje ya mchele. Hutoboa kikonyo kikavu, wakajifungia humo baridi yote."

Darren aliweka kikombe chini.

"Ndiyo maana mzee alikuwa anagonga dirisha," akasema. "Nilidhani ananisifu, Mama. Nikampungia mkono."

Glenys hakungoja zaidi. Lori lilikuwa likinguruma kwa jirani. Alikimbia jinsi magoti yake yalivyomruhusu, akalikumbatia pipa wakati mkono wa chuma wa lori ulipokuwa ukinyooshwa kulichukua.

Dereva akatoa kichwa. "Bibi, utajiua! Umepoteza pete?"

"Nyuki!"

"Nini?"

"Nyuki wa mume wangu!"

Dereva alimtazama, akalitazama pipa, akatikisa kichwa kama mtu ambaye na yeye ameoa. "Nitaanza upande ule. Nikirudi nikute mmemaliza."

Walilimwaga pipa kwenye nyasi, mama na mwana, wakapiga magoti. Vikonyo vingi vilikuwa vimepondeka.

"Nilivikanyaga ili vitoshe pipani," Darren alisema.

Glenys alikipasua kimoja kilichovunjika. Ndani walikuwamo nyuki wanne, weusi, matumbo mekundu, wamepangana mmoja nyuma ya mwenzake. Akawapulizia pumzi yake ya moto. Hawakutikisika.

"Wamekufa?"

"Sijui, mwanangu. Leo nimechoka, sijui chochote."

Walichagua vile vizima vyenye tundu nchani, wakavifunga kwa soksi ndefu za zamani za Glenys, wakavitundika nje ya dirisha la Merv, mahali panapopigwa na jua la mchana. Merv alikuwa amegeukia ukutani. Glenys hakujua kama amelala au amekasirika, na aliogopa kuuliza.

Lori lilirudi, likachukua majani yaliyobaki, likaenda zake. Glenys aliketi hatimaye kwenye ngazi, akainywa chai ya Darren iliyopoa. Darren alisimama katikati ya bustani. Mikono ilimzidi, hakujua aipeleke wapi.

Kioo kikagongwa. Kiligongwa kidhaifu, kwa ukucha tu.

Darren aliinua mkono kupunga. Akaushusha. Akavua mabuti yake yenye matope mlangoni, akaingia ndani kwa baba yake.