Gharama ya Kumwona Mume

Fundi cherehani alikuwa na ugomvi usioisha na wateja wake. Mtu anakuja na kitambaa alichokipata kwa bei ya kutupa, anadhani gauni tayari analo. Fundi humkalisha kwenye benchi, akachukua chaki na kumwandikia kwenye karatasi ya kukatia: bitana, zipu, uzi, vifungo, ushonaji. "Haya, sasa niambie gauni lako ni bei gani." Wengine hununa, wengine hucheka kwa aibu, lakini hulipa.

Fundi huyo huyo, miaka mitatu mizima, aliamini kwamba simu yake inakula elfu thelathini kwa mwezi kwa sababu bango la kampuni lilisema hivyo. Mjinga si yeye peke yake. Nani kati yetu aliwahi kupiga hesabu hiyo mpaka mwisho?

Mumewe, mchomeleaji wa vyuma, alikwenda nchi ya mbali kwa kazi ya mkataba, akaaga kwamba ni mwaka mmoja tu. Aliurefusha mara ya kwanza, akaurefusha mara ya pili, na sasa ulikuwa unaisha tena mwezi ujao. Kila mwezi alituma laki moja na arobaini. Kila Jumapili saa kumi alasiri walionana kwa video, yeye akiwa kwenye kitanda cha bweni, fundi nyuma ya cherehani, watoto wakisukumana waonekane. Fundi hakuwahi kumwambia arudi. Angeanzia wapi, na pesa inaingia? Neno lenyewe alikuwa amelimeza, likamkaa rohoni.

Jumapili moja asubuhi alikwenda kununua kifurushi kwa wakala wa pesa, mama wa kibanda cha jirani asiyejua kupamba maneno.

"Mwenzangu, hiki ni cha tatu mwezi huu," wakala alisema. "Unajua lakini hii simu inakula kiasi gani?"

"Elfu thelathini."

Wakala alicheka mpaka miwani ikamteremka puani. "Hebu lete hapa."

Wakasoma meseji za mwezi mzima, moja baada ya moja, fundi akiandika kwa chaki yake kwenye ubao wa kaunta. Kifurushi cha mwezi, elfu thelathini, sawa. Lakini data iliisha katikati ya mwezi, maana video haili, inabugia, kwa hiyo vifurushi viwili vya wiki, elfu ishirini na nne. Salio la kukopa pamoja na riba, elfu sita. Mia mbili kila siku kwa huduma ya nyimbo ambayo hakumbuki kujiunga nayo, elfu sita nyingine. Makato ya kutoa pesa aliyotumiwa na mume, elfu nane. Na simu yenyewe, aliyoikopa ili amwone mume vizuri, elfu mbili kwa siku, ukikosa inajifunga: elfu sitini.

"Laki moja thelathini na nne," wakala alisema.

"Kwa hiyo mume wangu anaunguza macho huko ili mimi nibakiwe na elfu sita?"

"Na bando lake yeye hujalihesabu."

Fundi alipandwa na hasira, akamtukana mwenye bango na ukoo wake. Kisha, akirudi dukani kwake, akashtuka kujikuta anatabasamu. Ilikuwa furaha ya kuonea aibu. Hakuna walichokuwa wanapata, kwa hiyo hakuna cha kumzuia mtu kurudi nyumbani.

Saa kumi aliwatoa watoto nje, akapiga, akamsomea mumewe hesabu yote bila kuruka kitu.

Mume alisikiliza. "Aisee, mama watoto, wewe una kichwa. Basi tuache hizi video. Tuandikiane meseji, utabakiwa na hela nzuri tu."

"Sijasema tuache kuonana. Nasema usisaini tena. Rudi."

"Nirudi?"

"Cherehani inatulisha, baba watoto. Imetulisha miaka yote hii, hatukujua tu. Rudi nyumbani."

Mume aligeuza uso pembeni, kama mtu aliyeitwa na mwenzake, ingawa hakusikika mtu. "Mkataba nimeshasaini," alisema. "Tangu mwezi uliopita. Miaka miwili."

"Mbona hukuniambia?"

Picha ikakatika. Fundi akalaumu kifurushi, kwa mazoea tu, akaingia kuangalia salio. Data ilikuwepo karibu yote, ameinunua asubuhi ile ile. Akapiga tena. Simu iliita, ikaita mpaka ikaacha yenyewe. Akapiga mara ya tatu, na safari hii ikawa imezimwa.