Mawele Mlangoni pa Sisimizi

...na nikilishusha hili jembe mara moja tu, ukuta utaanguka na ghala litakuwa wazi, si mbali, urefu wa mkono chini ya udongo, mawele yetu yote yako hapo, hata sasa hivi wanayaingiza, sisimizi mmoja punje moja, wameinua vichwa ili punje isiguse chini, wanatoka kwenye mistari niliyopanda mimi mwenyewe Jumanne na kuingia kwenye tundu lisilozidi kifungo cha koti, na jikoni nasikia kijiko kinagonga kikombe, mama mkwe anakoroga chai, na Gladys anacheka, wifi yangu Gladys aliyeolewa Mitunguu, amekuja leo kuchukua mbegu, mfuko wa kitambaa ameukunja vizuri mapajani, na ndani ya kibuyu hakuna mbegu, hakuna hata moja, na wao hawajui...

"Mama Mutugi! Chai inapoa!"

Nakuja Mama, nimesema nakuja, lakini miguu haijasogea, Mutugi mgongoni amelala, shavu lake limebandika jasho kwenye shingo yangu, usiamke mtoto wangu, ukiamka utalia na ukilia watakuja, na wakija wataona mistari mitupu, wataona nimesimama na jembe juu ya mlango wa wadudu kama mwizi aliyekutwa dirishani, mwizi kweli, kwani niliambiwa nini, niliambiwa panda nusu, nusu uache, kila mwaka ni hivyo, nusu kwenye shamba, nusu kwenye majivu ndani ya kibuyu, ili mvua ikidanganya uwe na ya kurudishia, na mimi nilipanda yote, yote, kwa sababu ya huu ukuta... mama mkwe alinifundisha, alinishika mkono akanionyesha, sisimizi wakiinua udongo mlangoni, siku tatu haziishi kabla mvua haijanyesha, nami Jumanne asubuhi nikaona wameinua, ukuta wa duara kama ukingo wa sahani, nikafurahi, nikasema mama mkwe ana magoti mabaya, akiamka atakuta shamba lote limepandwa na mvua inanyesha juu yake, atasema huyu msichana, aki huyu msichana... na sikushika udongo. Alisema ushike. Uuponde kwa vidole, ukishikamana umetoka chini kwenye unyevu, hao wanajenga kuzuia maji, lakini ukiwa vumbi ni takataka tu, wanapanua ghala, wanangoja chakula. Mutugi alikuwa analia, nikaangalia kwa macho nikapita. Ulikuwa vumbi. Sasa nimeushika, ni vumbi na maganda, walikuwa wanapanua ghala na mimi nikawaletea cha kuweka.

"Huyu kijana wako alioa mwalimu wa wadudu," Gladys anasema, sauti yake ni kubwa ili nisikie, "yule msichana wa chuo alimharibu kabisa, si hata chai anaiacha akikagua wanafunzi wake?"

"Mwache," mama mkwe anasema. "Anapenda kujua vitu."

Anapenda kujua vitu, Mungu wangu, ananitetea na hajui anamtetea nani, daima ananitetea, siku ile nilimwaga maziwa yote na mume wangu Ireri akauliza kwa ukali nani, ni mama aliyesema ni paka, na akaangalia paka kwa hasira ya kweli, na nilipojifungua alininywesha uji kwa kijiko kana kwamba mtoto ni mimi, akanikanda kwa maji ya moto, hakuwahi kuniambia kwenu hawakukufundisha, hata siku nilipong'oa kunde nikidhani ni magugu, alicheka tu akapika majani yake... basi nichimbe, nichimbe haraka, nipepete kwa ungo, nichanganye na majivu, nijaze kibuyu, nani atajua, nitasema nilikuwa nachuma mboga, itachukua dakika ngapi, kumi, Gladys bado hajamaliza kusimulia habari za ndizi za Mitunguu...

lakini Ilhan alisema. Ilhan, huyo msichana wa chuo wa Nchiru, alikaa kwetu wiki mbili wakati wa kiangazi akichora mashimo yao kwenye daftari, alichimba ubavu wa shimo moja kwa kijiko cha chai, taratibu, akaniita nione, vyumba vimepangwa kama nyumba, hiki cha punje, hiki cha watoto, asubuhi baridi wanawabeba watoto juu karibu na jua, mchana wa joto wanawashusha chini, kila siku, kwa mdomo, na hawawatoboi, na akanipa punje moja kiganjani akasema angalia hapa, wameuma ncha, wanauma pale penye uhai ili isiote ghalani, na tukaiweka kwenye pamba yenye maji siku tano na haikuota. Kwa hiyo iliyoko chini imekufa. Au iliyofika kwanza imekufa na hii ya leo bado, nani atazitenganisha, zote ni rangi moja, Gladys ataibeba mpaka Mitunguu, ataipanda kwenye kile kipande chake mfereji usikofika, atangoja, haitaota, atasema ni udongo, atasema ni ndege, hatasema ni wifi yangu... naweza kuishi na hilo? Watu wanaishi na makubwa zaidi. Jembe ni zito hivi tangu lini.

Na mama. Mama mkwe aliipata mbegu hii kwa mama yake, na mwaka ule wa njaa, Ireri akiwa tumboni, Gladys akiwa anatambaa na kulia usiku na mchana, kibuyu kilikuwa kimejaa chini ya kitanda, na hakukifungua. Aliniambia mara moja tu, tukichambua maharagwe, bila kuniangalia. Alichemsha majani, akampa mtoto, yeye akalala amejifunga kamba tumboni kuzuia njaa, na mawele yako pale chini yake, angenyoosha mkono tu. Hakunyoosha. Na mimi niliyamaliza asubuhi moja, nikiimba.

Mlangoni mmoja ameangusha punje, mwingine amegeuka kumsaidia, wanaivuta pamoja, wanakwama kwenye ganda, wanazunguka, hata wao hawaachani... kumepoa ghafla, kivuli kimepita juu ya mikono yangu, mawingu yametanda upande wa kilima cha Kirimiri, meusi, ya kweli safari hii, na kila mtu hapa Karurumo anayaangalia sasa hivi kama mimi, kila mtu anatoa kibuyu chake, Mbaka ng'ambo ya mto anatoa... Mbaka. Mama alimpa Mbaka kikombe cha mbegu msimu uliopita, nilikipeleka mimi mwenyewe, na Mbaka alivuna, na Mbaka akiona mawingu hangoji, leo jioni atapanda, kesho hakuna wa kuombwa. Nikichimba nitakuwa nimenyamaza, na nikinyamaza hakuna atakayekwenda kwa Mbaka, kwa nini aende wakati kibuyu kimejaa, na mvua itanyesha juu ya mbegu iliyoumwa, hapa na Mitunguu, na hapo ndipo mbegu hii itakuwa imekwisha kweli, si Jumanne, nilidhani iliisha Jumanne... lakini nani ataiomba, mimi? Nikavuke mto nimwambie Mbaka nini, hawezi kunipa bila neno la mama, na mama hawezi kutoa neno bila kujua, na akijua ataniangalia, hilo ndilo ninaloogopa, si njaa, macho yake tu, yale macho yaliyomwangalia paka... Mutugi ananyoosha mguu, anatulia. Siku ile ya uchungu wa kumzaa, mama ndiye aliyenishika mkono.

"Mama Mutugi," anaita, sasa polepole, hajakasirika, "Gladys anataka kuwahi kabla ya mvua. Ile nusu uliiweka wapi?"

Jembe bado liko hewani. Sisimizi bado wanaingia.

"Sikuacha, Mama," nasema, na sauti ni ndogo, hawajasikia, kijiko bado kinagonga, kwa hiyo nasema tena, kwa nguvu, mpaka mtoto anaamka. "Sikuacha nusu, Mama! Nilipanda yote!"

Kijiko kimeacha kugonga, nami naliweka jembe chini, kando ya ukuta wao.